Kimeng'enya cha Ukoo

Kosa lenyewe Mtafiti hakulifanyia maabara. Maabara alifanya uzembe tu, na uzembe wa maabara una dawa yake: kompyuta, kalamu nyekundu, au bosi mwenye mdomo. Kosa alilifanya Jumamosi saa nne asubuhi, akiwa kwenye kiti cha kinyozi, shuka limefungwa shingoni, mbele ya wateja wawili na bwana mmoja ambaye hakuja kunyolewa bali kusoma gazeti la bure.

"Kaka," alisema, "tumeipata."

Kinyozi alizima mashine. Alikuwa kaka yake wa tumbo moja, mkubwa kwake kwa miaka sita, na hakuna mkono mwingine uliowahi kumkata nywele tangu utotoni. "Mmepata nini?"

"Dawa. Yaani si dawa bado. Ni kitu kinachoweza kuja kuwa dawa. Kimekaa pale pale tulipotaka kikae. Nimekiona kwa macho yangu."

Hapo ndipo mtu angemziba mdomo, lakini nani wa kumziba? Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na dada mtu siku hiyo alijikwaa ulimi mzima mpaka kilimi. Maneno "si dawa bado" yalianguka chini pamoja na nywele, yakafagiwa. Yaliyosalia ni "dawa" na "nimekiona." Kinyozi alimkumbatia dada yake na shuka lake, akawageukia wateja na kuwatangazia kwamba leo kunyolewa ni bure, kisha akabadili, akasema si bure ila watu wafurahi. Kufikia Jumapili jioni mtaa mzima ulishajua kuwa Mtafiti amemaliza kazi. Hata wasiojua alikuwa anatafiti nini walimpa hongera.

Ugonjwa wenyewe nyumbani kwao waliuita mkono wa baba. Baba yao alikuwa mwashi. Alipofika miaka arobaini, kidole gumba cha mkono wa kulia kilianza kumgomea, mwiko ukawa unamponyoka, chokaa inamwagika. Watu walisema mvivu, baadaye wakasema amelogwa, na baadaye kabisa wakanyamaza, maana mikono yote miwili ilikuwa imekonda akawa anashika kikombe kwa viganja. Alipokwisha kufa ndipo kliniki moja ilipowapima damu watoto wake wawili na kuwaeleza kuwa ni herufi moja tu iliyokosewa katika maandishi ya mwili, na kwamba kosa hilo hurithiwa. Kinyozi alikuwa nalo. Mtafiti hakuwa nalo. Alipopewa majibu hakufurahi hata kidogo. Alijisikia vibaya mfano wa mtu aliyegawiwa mnofu huku ndugu yake akipewa mfupa. Wakati huo alikuwa anasomea kemia ya rangi za nguo. Akaziacha rangi.

Sasa Kinyozi alikuwa na miaka arobaini na mbili, na mkasi wake ulikuwa kwenye droo mwaka wa pili, umefungwa kitambaa. Gumba lake halikuweza tena kukutana na kidole cha shahada. Mashine ya umeme aliishika kwa ngumi na kuisukuma kichwani kwa mteja akitumia bega, na kwa kuwa alikuwa na maneno mengi wateja hawakuangalia sana anavyoshika. Daktari wa upasuaji alimwambia kuna njia: kuchukua kano ya kidole cha pete na kuihamishia kwenye gumba, ili kidole chenye nguvu kimfanyie kazi kile kilichochoka. Ila kano haihamishwi kutoka kwenye msuli uliokwisha kulegea. Msuli ulipimwa kutoka sifuri hadi tano. Wa Kinyozi ulikuwa nne. Ukishuka tatu, daktari alisema, tusisumbuane. Tarehe ya upasuaji ilikuwa Alhamisi ya wiki hiyo hiyo tunayoizungumzia.

Na kile kilichotafutwa maabara kwa miaka minne kilikuwa hiki. Ndani ya kila mwili kuna kazi ya kujenga protini inayoendelea mchana na usiku, na protini hujengwa kwa kutungwa, punje moja baada ya nyingine. Kila punje ina mbebaji wake wa kuifikisha kwenye uzi. Yupo basi anayehakikisha kuwa punje sahihi imefungwa kwa mbebaji sahihi, na huyo ndiye kimeng'enya. Viko vingi, kila punje na chake. Kimeng'enya cha Mtafiti kilihusika na punje ndogo kuliko zote, iitwayo glaisini. Kwa watu wengine kilikuwa kimekaza vizuri. Kwa ukoo wao nusu ya vimeng'enya hivyo vilikuwa vimelegea upande mmoja, vimeacha mfuko mdogo wazi mahali pasipotakiwa mfuko, na mishipa mirefu ya fahamu, ile inayofika mpaka mikononi, ndiyo iliyoumia.

Ili kuuona mfuko huo ilibidi kimeng'enya kigeuzwe fuwele. Chumvi hukubali kuwa fuwele ukiianika tu, protini hubembelezwa. Mtafiti alibembeleza matone elfu moja mia tatu na arobaini, kila tone na mchanganyiko wake, kila asubuhi akiinamia hadubini na kukuta ama maji matupu ama matope. Wenzake walikuwa wakimwita Mama Matone. Mwaka wa tatu tone moja likatoa fuwele, nyembamba, ndogo kuliko punje ya sukari, naye akalia chooni ili asionekane analia mbele ya hadubini.

Baada ya hapo zikaja kemikali za kujaribu, arobaini kasoro moja, kutafuta itakayoingia kwenye mfuko na kuukaza. Iliyompendeza zaidi ni namba kumi na saba. Aliziloweka fuwele ndani yake, akazivua moja moja kwa kitanzi chembamba, akazichovya kwenye glaserini ili barafu isizipasue, akazigandisha na kuzituma kwenye mashine kubwa ya miale iliyo mbali. Mashine ile haileti picha. Inaleta madoa, kompyuta inayageuza madoa kuwa mawingu, na binadamu ndiye anayekaa mbele ya mawingu na kuamua nini kiko ndani yake. Hapo ndipo tamaa inapopata mlango.

Ijumaa mchana Mtafiti alifungua ramani ya mawingu hayo na kuona wingu ndani ya mfuko. Kulikuwa na kitu. Akaichukua Kumi na Saba kwenye kompyuta, akaiingiza. Nusu yake ilikaa sawasawa. Nusu ya pili ilining'inia nje ya wingu, hewani.

"Nusu hii inacheza," alijiambia. "Kitu kinachocheza hakionekani."

Katika kazi hiyo sentensi hiyo ni ya kweli, na ndiyo maana ni hatari. Akaiambia kompyuta ichore upya, na ramani mpya ikaja ikiwa nzuri zaidi. Wingu lilikuwa limejinyoosha kidogo kuifuata ile nusu inayoning'inia. Akapiga meza kwa furaha.

Sasa, kila anayeingia katika kazi hii huambiwa siku ya kwanza kuwa ramani ni mpambe. Kompyuta huichora ikitegemea kwa sehemu yale uliyokwisha kuiambia, kwa hiyo ukiiwekea kitu kisichokuwepo, itaanza kukuonyesha kitu hicho, kwa adabu tu. Kwa sababu hiyo maabara ile ilikuwa na desturi. Kabla mtu hajafungua mdomo, hukifuta alichokiingiza na kuacha ramani ichorwe bila hicho. Profesa aliiita kumtoa mgeni nje. "Mtoe mgeni nje," alikuwa akisema, "halafu ushike kiti chake kama kina joto." Mtafiti alikuwa ameshawafundisha wengine desturi hiyo. Lakini Profesa alikuwa safarini, ilikuwa Ijumaa, na mtu mwenye furaha hapendi kuitoa nje. Nitamtoa Jumatatu, alisema moyoni. Jumamosi akaenda kunyolewa.

Jumatatu saa mbili na nusu simu ililia. Alikuwa wifi yake, mke wa Kinyozi.

"Wifi, hongera tena. Mimi nimefurahi, Mungu anajua. Lakini nikuulize jambo, usinielewe vibaya. Hii dawa ni ya lini?"

"Bado sana, wifi. Miaka. Kwani kuna nini?"

"Mwenzio amepiga simu hospitali asubuhi hii. Amejitoa kwenye upasuaji wa Alhamisi. Anasema achanwe mkono wa nini na dawa iko njiani? Nimempigia kelele mpaka nimechoka. Na amemwambia mtoto."

Mtoto alikuwa binti yao wa miaka kumi na minne, ambaye tangu mwaka jana, mapema kuliko baba yake na babu yake, alianza kufunga vifungo vya shati kwa meno. Hakuna aliyempima. Hakuna aliyehitaji kumpima.

"Amemwambia nini?"

"Amemwambia, shangazi yako amemaliza kazi, wewe mkono wa babu hutaujua."

Mtafiti aliweka simu mezani. Alikuwa bado anaiangalia ile simu Profesa alipoingia na mkoba wa safari begani. Profesa alikuwa mama mfupi wa sauti ya chini. Wanafunzi walimwita Mama Hapana akiwa hayupo, naye alijua, na wala hakujali.

"Nimesikia kuna habari."

"Ipo, Profesa."

Profesa hakuketi. Aliinamia skrini, akaizungusha ramani huku na huku. "Nusu hii iko wapi?"

"Inacheza."

"Mh." Kisha: "Mgeni umemtoa nje?"

"Bado."

"Nani anajua?"

"Nimemwambia kaka yangu."

"Umemwambia mgonjwa."

"Nimemwambia kaka yangu, Profesa."

"Ndiye huyo huyo." Profesa alivuta kiti. "Umekata mbeleko, mtoto hajazaliwa. Haya, toa."

Mtafiti aliichagua Kumi na Saba, akaifuta. Ilichukua sekunde moja. Kuchora upya kulichukua dakika arobaini, na katika dakika hizo Profesa alitoa nguo chafu kwenye mkoba na kuzihesabu, akasoma barua zake, akatengeneza chai mbili. Mtafiti hakuigusa yake. Alikuwa anaomba, na alijua wazi kuwa anaomba jambo ambalo limeshakuwa au halijakuwa tangu fuwele ilipogandishwa, kwamba hakuna dua inayorudi nyuma kiasi hicho, na bado aliomba.

Ramani ilikuja. Mfuko ulikuwa pale, kuta zake safi. Ndani yake palikuwa na kiwingu kifupi chenye ncha tatu, kimejikunja upande mmoja. Ile nusu ndefu, ile inayocheza, haikuwa na hata kivuli.

Profesa aliangalia kwa muda. "Kabla ya kuzigandisha fuwele hizi ulizichovya kwenye nini?"

"Glas..." alianza Mtafiti.

Glaserini. Ncha tatu, umbo fupi, inajipenyeza popote. Aliichovya mwenyewe, kwa mkono wake, kuilinda fuwele na barafu, na sasa imeketi ndani ya mfuko ule ikimwangalia. Kumi na Saba haikuwahi kuingia humo. Alihisi aibu kwanza, aibu ya mtu mzima aliyefanya kosa la mwanafunzi. Halafu aibu ikapita na nyuma yake ikaja huzuni, na hiyo haikupita.

"Makala hayajatumwa," alisema Profesa. "Kwa upande wa maabara hakuna kilichoharibika."

"Kwa upande wa maabara."

"Ndiyo. Sasa nenda upande wa pili."

Alipiga simu hospitali kabla ya kuvua koti la maabara. Karani wa zamu za upasuaji alikuwa na sauti ya mtu aliyeulizwa maswali yote duniani. Alisema jina limeshakatwa. Akasema kukatwa si kufutwa. Mwenyewe akija kesho kabla ya saa sita mchana, yeye na mkono wake, apimwe tena na asaini tena, atarudishwa. Saa sita ikipita nafasi anapewa anayefuata. Na nafasi nyingine? Miezi minane, kwa sasa.

Kufika saa nane alikuwa kwenye kibanda cha kinyozi. Kulikuwa na kioo kirefu chenye ufa pembeni, viti viwili, rafu ya chupa, na yule Bwana Gazeti kwenye benchi, amefika ukurasa wa michezo.

"Daktari wetu!" Kinyozi aliita. Alikuwa akimwita daktari tangu alipoingia chuo kikuu, daktari asiyejua kupiga sindano. "Umekuja kunyoa tena? Nywele zenyewe zimekua saa ngapi?"

"Kaka, nina maneno. Tukae peke yetu."

"Huyu?" Kinyozi alimwangalia Bwana Gazeti. "Huyu ni samani. Sema."

Basi akasema. Alieleza wingu, nusu inayocheza, mgeni na kiti. Alipofika kwenye glaserini Kinyozi alinyoosha mkono rafuni akashusha chupa.

"Hii?"

"Hiyo hiyo."

"Yaani serikali na vyuo vikuu, miaka minne, mashine za mbali, mmepiga picha chupa yangu ya kupaka visogo?" Alicheka kwa sauti, akamtazama Bwana Gazeti naye acheke. Bwana Gazeti hakucheka. Kicheko cha Kinyozi kikaisha chenyewe. "Haya. Lakini dawa ipo?"

"Haipo, kaka. Haikuwahi kuwepo. Niliona nilichotaka kuona."

"Ulisema umeiona kwa macho yako."

"Nilisema hivyo, ndiyo. Nilikosea. Kesho kabla ya saa sita lazima uende hospitali ukasaini upya, nimeshaongea nao."

Kinyozi aliirudisha chupa rafuni, akaigeuza mpaka karatasi yake ikaangalia mbele. "Huyo Profesa wako, si ndiye Mama Hapana? Mtu wa kusema hapana kwa kila kitu. Ulipata kitu kizuri, amekukatisha tamaa."

"Sikukatishwa tamaa na mtu. Tazama." Alitoa simu yake. "Hii ni ramani ya Ijumaa. Umbo hili refu nimelichora mimi. Hii ya pili kompyuta imechora bila mimi kuiambia kitu."

Kaka mtu alivaa miwani. Aliishika simu kwa viganja viwili, akaitazama picha ya pili muda mrefu sana. Halafu kidole chake kilichokunjamana kikapita polepole juu ya skrini, mahali pasipokuwa na chochote.

"Mbona ipo? Inaanzia hapa. Inashuka hivi, inakata kona. Imefifia tu."

Kidole kile kilikuwa kimepita pale pale alipopita Mtafiti Ijumaa, kona kwa kona. "Samani," alisema, "hebu njoo utazame."

Bwana Gazeti alikuja, akatazama. "Mimi naona weusi mtupu," alisema kwa upole, akarudi benchi.

"Subira yavuta heri," alisema Kinyozi, akivua miwani. "Nitasubiri. Utaipata tena."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Mkono wako hausubiri. Kidole cha pete kikishuka tatu..."

"Nimesema nitasubiri!"

Mtafiti hakuwa mtu wa vituko. Hata hivyo aliinuka, akafungua droo ya chini, akautoa mkasi kwenye kitambaa chake, akauweka juu ya meza. Akaketi kwenye kiti mbele ya kioo na kujifunga shuka mwenyewe.

"Nikate."

"Nikukate nini? Nimekunyoa juzi."

"Hapa juu kumebaki kurefu. Nikate kwa mkasi. Kama unaweza kusubiri miaka, nikate sasa hivi, niende zangu."

Kinyozi aliutazama mkasi. Angeweza kukataa kwa utani, utani hakuwahi kuukosa, lakini alikuwa kinyozi kwa miaka ishirini na miwili na mbele yake palikuwa na kichwa. Aliingiza gumba kwenye tundu moja, vidole kwenye lingine. Mkato wa kwanza ulitoka, kwa kusaidiwa na mkono wa kushoto. Wa pili mkasi uliteleza ukatafuna nywele badala ya kuzikata. Wa tatu aliushindilia kwa kiganja, kwa hasira, mkasi ukapinduka, na ncha yake ikachana sikio la dada yake.

Damu haikuwa nyingi. Ilidondoka kwenye shuka jeupe, matone mawili, kisha la tatu. Katika miaka ishirini na miwili alikuwa hajawahi kumtoa mtu damu, na alipenda kulisema hilo kwa kila mteja mpya. Mtafiti hakushika sikio. Alimwangalia kaka yake kwenye kioo, na kaka yake alikuwa akiangalia mkono wake mwenyewe, mdomo wazi, kwa namna ambayo hakuwa ameuangalia siku nyingi.

Bwana Gazeti aliinuka, akalikunja gazeti, akatoka bila kuaga.

"Ungeninyamazia," alisema Kinyozi hatimaye. Aliketi kwenye kiti cha pili, mkasi bado umening'inia kwenye gumba. "Siku hizi mbili nimelala vizuri. Wewe ndiye uliyenipa, wewe ndiye unayeninyang'anya. Unadhani mimi mkono wangu ndio naulilia? Mkono huu nimeshauzoea. Nikienda kulala kwenye kile kitanda Alhamisi, mwanangu atajua dawa hakuna. Nitamwambiaje? Nilimshika mabega, nikamwambia imekwisha."

"Nitamwambia mimi."

"Hukumwambia wewe. Nilimwambia mimi." Aliutoa mkasi kwenye gumba kwa mkono wa kushoto. "Nenda nyumbani. Nenda ukafunge hilo sikio."

"Kesho utakuja?"

"Nimesema nenda."

Jumanne saa mbili asubuhi Mtafiti alikuwa kwenye benchi la korido ya upasuaji, plasta sikioni, kilemba kichwani kuficha nywele zilizotafunwa upande mmoja. Hakumpigia simu kaka yake. Alikuwa amesema vya kutosha kwa wiki moja. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Saa tano alianza kusimama na kuketi. Alifikiria kumpigia wifi, akaona ni kumtuma mwingine kubeba mzigo wake. Saa tano na nusu karani alitoa kichwa dirishani, akamtazama, akaangalia saa ya ukutani, akarudi ndani. Mtafiti alikuwa anamkasirikia kaka yake na kumwonea huruma kwa wakati mmoja, na alijikasirikia yeye kuliko wote.

Saa sita kasorobo Kinyozi alitokea mwisho wa korido, shati limepigwa pasi, amenyoa ndevu vibaya. Hakumsalimia. Alipita moja kwa moja kwenye chumba cha vipimo, na mlango ukabaki wazi.

Daktari alikunja kidole cha pete cha Kinyozi na kumwambia akaze. Akavuta. Akamwambia akaze tena, asikubali. Akavuta kwa nguvu zaidi, huku akitazama dirishani, namna madaktari wanavyofanya wakisikiliza kwa mikono.

"Nne," alisema. "Nne ya kuponea chupuchupu. Baada ya miezi minane nisingeigusa."

Walirudi dirishani kwa karani. Fomu ilikuwa moja, kurasa mbili, na karani alijaza kwa kuuliza. Jina, umri, kazi, mkono upi. Kisha akauliza: "Sababu ya kujitoa mara ya kwanza?"

"Andika safari," alisema Kinyozi haraka.

"Hapana," alisema Mtafiti. "Hakuwa na safari. Andika alipewa taarifa isiyo sahihi kuhusu dawa."

Karani aliinua macho. "Alipewa na nani?"

"Na mimi."

"Na wewe ni nani wake?"

"Dada yake. Na ndimi mtafiti wa ugonjwa huo."

Karani alimwangalia, akaangalia plasta, akaangalia kilemba. Alikuwa na swali lingine, ilionekana, lakini fomu haikuwa na nafasi yake, akaandika. Akaigeuza fomu na kuisukuma chini ya kioo pamoja na kalamu. Kinyozi aliishika kalamu kwa ngumi, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo, akasaini. Sahihi ilitoka nje ya mstari, ikakata neno la chini yake. Ilikuwa saa sita kasoro dakika nne.

Waliketi kwenye benchi.

"Zimebaki ngapi?" Kinyozi aliuliza, akitazama ukuta wa mbele.

"Kemikali? Ishirini na mbili. Kaka, sitaki kukudanganya. Huenda zote zikawa hovyo. Sijui."

"Sikukuuliza kama unajua. Nimekuuliza zimebaki ngapi." Alipangusa mikono yake magotini. "Jana nilimwambia mtoto. Nilimwambia shangazi yako alikosea, kile kitu hakikuwepo. Nilidhani atalia. Unajua aliniuliza nini? 'Kumbe aliangalia mara ya pili?' Nikamwambia ndiyo, aliangalia. Akasema, haya. Akaendelea kula."

Mtafiti alifunika macho kwa kiganja. Alilia palepale koridoni, bila kujificha, na watu waliokuwa wakipita na majalada walimkwepa. Kinyozi alimwacha alie kidogo. Kisha akamgusa bega kwa ngumi yake, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo.

"Basi, inatosha. Alhamisi nachanwa mimi, si wewe. Leo ni Jumanne, saa sita mchana, siku ya kazi. Wewe unakaa hapa kufanya nini?"